Sura ya Muaz Mbele ya Trekta

Trekta la Bi Moza, mwenye ghala la nafaka, lilianza kusemwa Kariakoo kabla halijatoka bandarini. Wa Mtaa wa Sikukuu walisema ni greda. Wa Narung'ombe wakabisha, si greda, ni mashine ya kubomolea vibanda vya watu, Bi Moza kala njama na wakubwa. Lilipofika watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Kumbe lenyewe dogo, jekundu, limeshatumika Japani hadi rangi imepauka, lina kiti kimoja chini ya kofia ya bati, na mbele mikono miwili ya chuma iliyoshika uma mpana wa kunyanyulia magunia. Lakini lilipita kwenye vichochoro ambavyo lori likiviona linarudi nyuma, likavuta tela la mchele kutoka maegesho hadi ghalani, likayanyanyua magunia yenyewe mpaka roshani ya juu. Makuli wakaacha kucheka, wakanuna.

Halafu juu ya kile kiti alikaa mwanamke. Hapo hata wapimaji mchele waliacha kupima wakatoka nje.

Jina lake Klara, mtu wa Nachingwea, umri wake miaka thelathini na nne, mwembamba, mikono mirefu. Trekta alijifunzia kwenye mashamba ya ufuta kwao. Muaz, mtoto pekee wa Bi Moza, alikwenda kule kununua ufuta akamkuta anarudisha tela kinyumenyume katikati ya maghala mawili, ukuta huku ukuta huku, bila kukwangua hata chokaa. Akashuka garini, akamwambia, "Dada, nimeagiza trekta Japani. Likifika, kile kiti ni chako." Klara akaitikia kama watu wanavyomwitikia tajiri wa kupita. Miezi miwili baadaye simu ikalia: njoo Bongo. Akaja na begi moja, akapanga chumba Ilala.

Muaz hakuliona trekta likifanya kazi. Alikufa siku tisa kabla halijatoka bandarini. Mapafu. Kitanda cha hospitali, kifuniko cha plastiki puani, na mama yake pembeni akimpepea kwa gazeti, anapepea tu, hata manesi walipomwambia basi, mama, ameshakwenda, mkono ule uliendelea kwenda na kurudi.

Watu wote walijua kiti sasa atapewa Nurdin, mtoto wa dada yake Bi Moza. Nurdin mwenyewe alijua zaidi ya wote. Alikuwa ameshapiga picha amekaa juu yake na miwani ya jua, ameweka kwenye simu, watu wamempongeza. Bi Moza akamwambia ashuke.

"Muaz alimwahidi yule mwanamke," alisema mbele ya ukoo mzima. "Ahadi ya mwanangu siivunji mimi."

Ndivyo Klara alivyokaa pale. Kwa neno la marehemu na heshima ya mama. Kila asubuhi akipanda alikumbuka hivyo, na kila asubuhi aliiona midomo ya watu ikikumbuka vyake: huyu na Muaz walikuwa na lao, mnadhani bure bure mwanamke wa bara anapewa chombo cha watu?

Sasa, Kariakoo chombo hakitoki kwenda kazini uchi. Daladala lina jina lake, pikipiki ina mashada yake, hata mkokoteni utaukuta umeandikwa ubavuni kwa rangi ya mafuta. Bi Moza akaenda kwa wachapaji, akachapishiwa bango la plastiki nene, sura ya Muaz nzima akicheka na kofia yake ya viua, chini yake MUAZ: MCHELE, MAHARAGE, UFUTA. Lilipimwa lienee shoo ya trekta, ile nyavu ya mbele inayopitisha hewa, toka taa hii hadi taa ile. Likafungwa kwa kulabu nne pembeni. Lilikaa utadhani trekta limezaliwa nalo. Mashemeji zake, watu wa msikitini, walimnong'oneza kwamba picha ya maiti haifai kutembezwa mitaani. Bi Moza aliwajibu, "Hii si picha. Hili ni tangazo la biashara." Na kila asubuhi, kabla trekta halijaondoka, tangazo hilo la biashara alilifuta kwa kitambaa chenye marashi ya waridi, macho kwanza, kisha paji la uso.

Ilikuwa mwezi wa sita, upepo wa kusi unavuma, joto hakuna. Trekta lilifanya kazi kama linalipwa.

Klara naye alilitunza. Vumbi la Kariakoo si vumbi la shamba, lina manyoya ndani yake, nyuzi za magunia na viroba zinaelea hewani kama pamba na kunasa popote penye hewa inayovutwa. Kila jioni alitoa kulabu, akalaza bango ukutani, akachukua brashi ya kupakia rangi akayapangusa yale manyoya kwenye nyavu na kwenye rejeta mbili za nyuma yake: ya maji, na mbele yake ile ndogo ya kupozea oili ya haidroliki. Makuli walikuwa wakimpigia kelele, "Mama trekta, mbona humpaki na poda?" Alipomaliza alimrudisha Muaz mahali pake, akaenda zake Ilala.

Januari ikaingia na joto lake.

Joto la mwaka ule kila mtu anayo hadithi yake. Lami ya Msimbazi ililegea mpaka visigino vya wadada vikawa vinaacha vishimo. Zulekha, mama lishe wa kona ya ghala, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika mitaa miwili, alisema ameweka sufuria la maharage juani akaenda sokoni, amerudi limeiva. Alikuwa anatia chumvi, lakini hakuna aliyembishia.

Siku ya kwanza trekta kugoma ilikuwa saa saba mchana. Klara amenyanyua magunia manne kuyapeleka roshani, mikono imefika katikati, ikaanza kutetemeka. Akavuta wenzo. Mikono ikapanda kidogo, ikasita, kisha ikaanza kushuka yenyewe polepole kama kichwa cha mtu anayesinzia kwenye benchi la hospitali. Pampu ikalia sauti nyembamba ya kuudhi. Uma ukatua chini na magunia yake, na trekta likagoma kupanda hata ule mwinuko mdogo wa mlangoni.

"Limefunga!" akapiga kelele kuli mmoja. "Mwacheni, litafungua magharibi!"

Mtaa mzima ukacheka. Klara alishuka, akaweka kiganja kwenye tangi la oili, akakitoa kabla hajahesabu mbili.

Oili ile ndiyo nguvu yote ya chombo. Ndiyo inayosukuma mikono, ndiyo inayozungusha magurudumu. Ikipata moto kupita kiasi inakuwa nyepesi kama maji, inapenya pasipopenyeka, na hakuna cha kusukuma tena. Shambani jua likiwa la utosi walikuwa wakizima, wanakaa kivulini wanakula mihogo hadi ipoe. Kariakoo nani atakupa kivuli? Lori linasubiri, nyuma yake lingine linapiga honi.

Akaitwa fundi Zakayo wa Gerezani, bingwa wa haidroliki, ambaye ukimpigia simu anakuja na neno moja tayari mdomoni. Safari ya kwanza neno lilikuwa "sili." Akafungua mikono, akabadilisha mipira ya ndani, akaondoka. Kesho yake saa saba, mikono ikasinzia. Safari ya pili neno likawa "oili ya bandia." Akaimwaga, nyeusi, inanuka kuungua, akatia mpya. Ikadumu siku mbili. Safari ya tatu, "pampu imechoka, Bi mkubwa, ya Wajapani lakini hata Mjapani anazeeka."

Bi Moza alilipa. Safari ya tatu hakumtazama fundi. Alimtazama Klara.

"Alipokuwa hai mwanangu," alisema, "hakuna kitu chake kilichoharibika."

Nurdin alikuwa amesimama nyuma yake, anazungusha funguo za pikipiki kidoleni. "Mamkubwa, chombo kinataka mkono wa mwanaume. Mimi nasema tu."

Klara hakulala vizuri wiki ile, na si kwa sababu ya joto. Alikuwa anahesabu siku kichwani: zipi liligoma, zipi halikugoma. Jumanne ilinyesha, halikugoma, hilo linaeleweka. Lakini Ijumaa jua lilikuwa kali kuliko siku zote, na Ijumaa trekta lilifanya kazi toka asubuhi hadi alasiri, mikono inapanda na kushuka kama ya mwanajeshi. Ijumaa kulikuwa na nini? Akakumbuka akiwa anasugua miguu yake bafuni, akaacha jiwe likaanguka. Ijumaa Bi Moza alikuwa amelichukua bango kwenda kuliosha nyumbani, kwa ajili ya hitma ya Muaz.

Asubuhi akapita Gerezani kabla ya kazi. Zakayo alikuwa kwenye kijibenchi chake anakunywa kahawa na kashata.

"Fundi, ni lile bango," Klara akasema hata hajasalimia. "Linaziba hewa. Rejeta ya oili ipo nyuma yake, haipumui."

Zakayo akatafuna kashata hadi mwisho. "Umechukua muda, dada. Mimi nilijua siku ya kwanza."

"Ulijua?"

"Nimeinama tu, nikaona. Trekta limefungwa blanketi usoni, mwezi wa kwanza, Dar es Salaam. Hata mwanafunzi wangu angejua."

"Na sili? Na oili? Na pampu?"

"Sasa ulitaka nimwambieje? Mama kafiwa na mtoto mmoja aliyekuwa naye. Mimi Zakayo, mtoto wa watu, niende nikamwambie, Bi Moza, uso wa mwanao ndio unaoua mashine? Mimi nauza sili, dada. Hayo mengine kamwambie wewe, wewe ndiye mtu wa nyumbani." Akacheka, si cheko baya sana. "Ila ukimwambia, usinitaje."

Klara akaenda kumwambia. Watu wanasema Klara hakuwa na akili ya mjini, na labda ni kweli, maana njia nzima kutoka Gerezani hakupanga maneno ila ya chombo.

Bi Moza alikuwa dukani, kwenye kiti chake cha ukindu, tasbihi mkononi.

"Shikamoo Bi Moza."

"Marahaba, mwanangu. Limetengemaa?"

"Tatizo nimelipata. Si sili wala pampu. Ni bango. Linaziba hewa, Bi Moza. Oili haipoi. Tukilitoa tu, hata saa za mchana tu, litafanya kazi mwaka mzima."

Tasbihi ikasimama. "Bango lipi?"

"Lile… la Muaz."

"Sema vizuri nisikie. Mwanangu anafanya nini?"

Klara angeweza kunyamaza hapo. "Anaziba hewa."

Bi Moza alikuwa mtu mweupe, na weupe ule ukaingia wekundu toka shingoni.

"Mwanangu amekufa anatafuta hewa," akasema taratibu. "Mimi nilikuwepo. Nilimpepea kwa mkono huu. Leo unaniambia yeye ndiye anayewanyima watu hewa?"

"Sikuwa na maana hiyo, mama yangu."

"Halitoki. Umesikia? Zimebaki wiki mbili mwezi mtukufu uandame, mizigo yote ya mwaka inakuja sasa. Likigoma tena mara moja, mara moja tu, Klara, kiti anakaa Nurdin. Muaz alikuahidi kiti, hakukuahidi kumvua uso."

Kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi. Bango likibaki, trekta linagoma, kiti kinakwenda. Bango likitoka, kiti kinakwenda. Klara alitoka na mahesabu hayo mawili akakaa kwa Zulekha, akaagiza chai asiyoinywa.

Siku ya pili yake akafanya alichofanya. Asubuhi aliondoka mlangoni pa duka na Muaz mbele, amefutwa marashi, Bi Moza anatazama. Ilipofika saa tano, jua limeshapanda, aliingiza trekta kwenye uchochoro wa nyuma ya ghala, akafungua kulabu nne, akalikunja bango na kulifunga ndani ya khanga yake safi. Alasiri, kabla ya kurudi mlangoni, alilirudisha. Mchana Bi Moza alikuwa hatoki dukani, na makuli walidhani bango limepelekwa kuoshwa tena.

Tabu ilikuwa pa kuliweka. Sanduku la spana limejaa grisi. Kwenye tela litakandamizwa na magunia. Siku ya kwanza aliliweka nyuma ya mgongo wake, lakini kila trekta liliporuka shimo furushi liliteleza, na mara moja nusura lianguke kwenye mfereji wa Mchikichi, ule ambao kila mtu anajua kilichomo. Klara alilidaka kwa kiganja kimoja. Baada ya hapo hakuona namna nyingine. Alilitandika juu ya kiti, akalikalia.

"Samahani, kaka Muaz," alisema kwa sauti ya chini. "Ni heri hapa kuliko mule."

Na trekta likafanya kazi! Siku moja, mbili, tano. Saa saba, saa nane, mchele wa Kyela, maharage ya Mbozi, mikono inapanda hadi roshani na kusimama palepale kama imepigwa misumari. Pampu haikulia tena ile sauti. Klara aliweka kiganja kwenye tangi akahesabu hadi kumi, akahesabu hadi ishirini, akacheka peke yake. Siku ya sita Bi Moza alimpelekea halua kwenye kisahani cha kaure, akasema, "Naona umeacha maneno yako, na chombo kimetulia." Klara akala halua ile kwa shida. Ilikuwa tamu kweli.

Siri yenyewe ndiyo iliyomshinda. Mtu kama Klara, anayeishi nyumba ya vyumba sita na choo kimoja, hajazoea kukaa na neno peke yake. Akamwambia Zulekha. Akamwapisha kwanza, Zulekha akaapa kwa watoto wake wote wanne. Na kwa kweli Zulekha hakuwa na ubaya, alimpenda Klara, alikuwa akimwekea ukoko wa wali pembeni. Ila kesho yake mchana benchi lilikuwa limejaa, watu wanakula, stori zinapanda, kila mtu anatoa yake, na yeye alikuwa na nzuri kuliko zote imemkaa kooni.

"Nyie mnaona trekta limepona," alisema akipakua mchuzi. "Hamjui dawa yake. Shoga yangu anamkalia marehemu!"

Benchi zima likapasuka kicheko. Mwishoni mwa benchi, na sahani ya pilau magotini, alikuwa Nurdin. Yeye hakucheka. Aliosha mikono, akatoa simu.

Picha ilikuwa safi sana, lazima mtu akubali. Klara juu ya kiti, amegeuka anatazama tela, na chini yake khanga imefunguka upande mmoja. Inaonekana kofia ya viua. Linaonekana jicho moja la Muaz, linacheka. Hadi alasiri inaadhiniwa ilishafika Ilala, ilishavuka Magogoni na pantoni, ilishaonekana na shangazi wa Kigamboni ambaye hajaonana na ukoo miaka mitatu. Wa mwisho kuiona alikuwa Bi Moza, kwa sababu simu yake ilikuwa kwenye chaji.

Aliposimamisha trekta mlangoni alasiri, bango limesharudishwa mahali pake, Klara aliona watu wamejipanga kama kwenye maziko. Zulekha alikuwa amejifunika mdomo kwa mtandio. Bi Moza alisimama kizingitini na simu mkononi, ameielekeza kwake.

"Umemkalia mwanangu."

"Bi Moza, nisikilize. Chombo kilikuwa…"

"Siku ngapi?"

"Nane."

"Siku nane." Sauti yake haikupanda. Ingepanda ingekuwa afadhali. "Mimi namfuta macho asubuhi, wewe mchana unamkalia. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia, mama."

Kwa kitambo kidogo ilikuwa kama Bi Moza anakumbuka, kama kuna kitu anakipima. Kisha akautazama uso wa mwanawe pale mbele ya trekta, na pembeni ya shavu, plastiki ilikuwa na alama ya mkunjo, mstari mweupe kutoka jichoni hadi kidevuni.

"Shuka," akasema.

Klara akazima. Akashuka. Alitaka kuweka funguo kwenye kiganja cha Bi Moza, Bi Moza akarudisha mkono nyuma, akazipokea Nurdin.

"Haya, mama trekta," Nurdin alisema karibu na sikio lake. "Mjini hapa."

Yaliyofuata Klara aliyasikia kwa Zulekha, aliyekuja Ilala na bakuli la wali wa nazi na machozi yake yote. Aliapa tena kwa watoto walewale wanne kwamba hakukusudia. Klara alipokea bakuli, maana njaa ilikuwepo.

Siku ya kwanza ya Nurdin, saa saba, mikono ikasinzia kama kawaida. Akaitwa Zakayo. Zakayo akaja, akainama, akainuka, na safari hii hakusema sili wala pampu. Alivua kofia yake.

"Bi mkubwa," alisema, "mimi ni fundi tu, lakini roho inaniuma. Marehemu mmemweka chini sana. Vumbi lote lake, matope yake, makuli wanatema mate mbele yake. Mtu kama Muaz hawekwi kwenye magoti ya watu. Mpandisheni juu ya kofia ya trekta, aonekane toka Msimbazi."

Bi Moza alilia pale pale. Alimshika Zakayo mkono, akamwambia Mungu amlipe, katika watu wote wewe peke yako ndiye uliyemwonea huruma. Wakachomelea fremu ya chuma juu ya kofia, likachapishwa bango jipya, kubwa zaidi, lisilo na mkunjo. Shoo ikabaki wazi. Na tangu siku ile trekta halikugoma.

"Sasa wanasemaje huko?" Klara aliuliza. Alijua jibu, alitaka tu alisikie.

Zulekha akachezea pindo la khanga. "Wanasema… si unawajua watu, shoga. Wanasema mkosi umeondoka."

Klara aliweka kijiko chini. Maneno ya Zakayo aliyarudia kichwani moja moja. Hayakuwa na joto ndani yake, wala oili, wala hewa. Muda wote ule alikuwa nayo, juu ya kichwa chake kabisa, kofia ya bati iliyokaa tupu miezi minane, na hata siku moja hakuitazama. Yeye alikwenda kumweleza mama mfiwa habari za rejeta.

Nachingwea hakurudi. Angerudi aseme nini? Alipata kazi ya kushona magunia yaliyopasuka, kwenye baraza la Mtaa wa Mchikichi, wanawake saba kwenye mkeka mmoja, kila mmoja na sindano yake ndefu iliyopinda. Walimpa nafasi bila maswali, maana maswali yote walishajijibu. Mwezi ukaandama, mizigo ikamiminika, mchana kutwa trekta likapita mbele yao na Muaz juu yake, anacheka na paa za mabati.

Kila likipita Klara aliinamisha kichwa, lakini sikio halina kifuniko. Aliisikia pampu. Wiki ya kwanza ilikuwa safi. Wiki ya pili safi. Na uchungu wake ulikuwa na kijifuraha ndani yake, kwamba chombo ni kizima, na hicho ndicho kilichomwuma zaidi.

Wiki ya tatu likasimama mbele ya baraza kusubiri lori lipishe njia. Saa saba na robo, jua la utosi. Klara akainua macho. Nyavu ya mbele haikuonekana. Manyoya ya magunia yalikuwa yameilalia yote, tabaka juu ya tabaka, kijivu, nene kama blanketi la wagonjwa, na hewa ikivutwa yanazidi kujishika. Nurdin hakuwa na brashi. Hata kama alikuwa nayo, nani alimwambia ya nini? Mikono ilikuwa imebeba magunia manne. Ncha za uma zilianza kutetemeka, kidogo sana, mtu asiyejua asingeona.

Kisha ile sauti nyembamba.

Nurdin akaisikia, akakunja uso, akavuta wenzo. Halafu akahisi anatazamwa. Akamwona Klara chini pale, katikati ya magunia, nyuzi zimemjaa kwenye nywele. Kwa mara ya kwanza hakuwa na dhihaka usoni, alikuwa na jasho.

"Vipi, mama trekta?" akasema. "Mbona unaliangalia hivyo? Una la kusema?"

Wanawake sita wakaacha sindano zao hewani. Juu ya kofia Muaz alikuwa anacheka. Klara aliangalia lile blanketi la kijivu, akaangalia gunia lililokuwa magotini mwake, nyuzi zake zinavyoachia manyoya na kupeperuka moja moja kuelekea barabarani.

Akakata uzi kwa meno.

"Sina," alisema, akavuta gunia lingine.